Wadada, huko chini kwako hakuna kasoro, nenda kapime

Kuna wadada wanapiga danadana kupima saratani ya mlango wa kizazi kwa sababu moja tu, wanaona huko chini hawako sawa na nesi ataona.

Dhana inayotesa kuliko zote ni kwamba mashavu ya ndani ya uke lazima yawe madogo, yalingane, yasitokeze nje. Si kweli kabisa. Mwaka 2005 madaktari wa London walitoa utafiti wa wanawake 50, mashavu ya ndani yalianzia urefu wa sentimita 2 mpaka 10, yani watu 50 tu na tofauti yote hiyo. Kwahiyo moja kuning'inia kuliko lenzake ni kawaida, kuwa jeusi kuliko mapaja ni kawaida, na rangi haihusiani na idadi ya wanaume uliolala nao, huo uongo umeumiza mabinti wengi sana jamani. Tena wengi wanajilinganisha na picha za ngono ambazo zishaeditiwa.

Ati lazima unyoe? Sio lazima. Ati ujisafishe ndani na sabuni au limao ili usinuke? Hapana, uke unajisafisha wenyewe, ukiingiza vitu unaua bakteria wanaoulinda, osha nje kwa maji basi.

Wengine wanaogopa daktari atajua kama bado ni bikira. Hajui. Vizinda, yani kile kiutando cha mlangoni mwa uke, havifanani, na WHO (Shirika la Afya Duniani) mwaka 2018 walisema wazi hakuna kipimo cha kuthibitisha ubikira.

Anachofanya nesi ni hiki: anaingiza spekulam, kifaa cha kuupanua uke ili aone ndani, anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri kama dakika moja aone kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Macho yake yako huko ndani, hana habari na mashavu yako. Una haki ya kuomba nesi wa kike, kuomba spekulam ndogo, na kusema "subiri kwanza" ukiumia. Na kama ulikeketwa mwambie mapema aende taratibu, usione aibu mama, sio kosa lako.

Vya kumtajia bila kuficha ni kidonda, uvimbe, muwasho, uchafu uliobadilika rangi au harufu, na damu baada ya tendo, hata kama imetoka mara moja tu.