720,720: nambari inayokubali kugawanywa

Chama kikiwa na Sh720,720, wanachama wangapi wanaweza kugawana sawa bila senti kubaki? Wakiwa saba, kila mmoja anaondoka na 102,960. Wakiwa 13, ni 55,440. Wakiwa 16, ni 45,045. Idadi yoyote kuanzia mmoja hadi 16 inakubali, na hakuna nambari ndogo kuliko hii inayoweza hivyo. Akiongezeka wa 17, kila mtu anapata 42,395 na shilingi tano zinabaki mezani.

Ukitaka kuijua nambari kubwa, usianze kuwinda vigawo vyake, yaani nambari zinazoigawa bila baki, kimoja kimoja. Ivunje kwanza hadi ibaki na nambari tasa tupu, zile zisizogawika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Hapa kazi ni nyepesi kwa kuwa 720 imejirudia: 720,720 ni 720 × 1,001. Tarakimu tatu zozote zikirudiwa hivyo huzaa kigawe cha 1,001. Chukua tarakimu za namba ya matatu iliyo mbele yako barabarani, tuseme 358. 358,358 ukiigawa kwa 7 unapata 51,194. Hiyo kwa 11 ni 4,654. Hiyo kwa 13 ni 358 uliyoanza nayo.

Wengi hukosea papa hapa. Hujaribu 2, 3 na 5, zikikataa hutangaza kwamba 1,001 ni tasa. Ni lazima ujaribu kila nambari tasa hadi 31, kwa sababu mraba wa 32 tayari unapita 1,001. Ya 7 inakubali na kuacha 143, ambayo nayo hudanganya macho: ni 11 × 13. Kwa kuwa 720 ni 2⁴ × 3² × 5, jibu kamili ni 2⁴ × 3² × 5 × 7 × 11 × 13.

Sasa hesabu vigawo. Ongeza 1 kwa kila kipeo (ile nambari ndogo ya juu; isipoandikwa ni 1), kisha zidisha: 5 × 3 × 2 × 2 × 2 × 2 = 240. Hiyo 1 ni ya lazima, kwani kigawo kinaweza kukosa 2 kabisa; ukiisahau utapata 8. Linganisha na milioni moja, ambayo ni kubwa zaidi lakini ina vigawo 49 tu, maana imejengwa kwa 2 na 5 pekee.

Hakuna nambari iliyo chini ya 720,720 yenye vigawo 240. Nambari za aina hii, zinazozishinda zote zilizo chini yao kwa wingi wa vigawo, ndizo Srinivasa Ramanujan wa India alizochambua katika makala yake ya mwaka 1915.

Vigawo vyote vikijumlishwa ni 3,249,792. Ondoa nambari yenyewe, bado zinabaki 2,529,072, zaidi ya mara tatu yake. Pamoja na utajiri huo, si mraba kamili: 5, 7, 11 na 13 zimetokea mara moja moja, bila mwenzi. Izidishe kwa 5,005, kila moja itapata mwenzake, nawe utakuwa na mraba wa 60,060.