Joseph Anton Koch hakuwa Mnazareti
Kwa muda mrefu Joseph Anton Koch, mchoraji wa Austria aliyezaliwa Tirol mwaka 1768, amehesabiwa miongoni mwa Wanazareti, yaani wachoraji vijana wa dini walioanzisha udugu wao Vienna mwaka 1809 kisha wakahamia Roma. Hilo si sahihi. Koch alifika Roma mwaka 1795, akaelekezwa kwenye sanaa ya kale na rafiki yake, mchoraji Asmus Jakob Carstens. Carstens alipofariki mwaka 1798, Koch aliihamisha michoro ya rafiki huyo ya Waargonauti, mashujaa mabaharia wa hadithi za Kigiriki, kwenye mabamba ya shaba yaliyochimbwa kwa tindikali, heshima kubwa kwa rafiki. Kilichowapotosha wengi ni Casino Massimo, jumba la Roma ambako katika miaka ya 1820 alichora ukutani matukio kutoka kwa mashairi ya Dante, mshairi wa Italia, jirani na vyumba vilivyochorwa na Wanazareti wenyewe.