"Nipe chai" si ufidhuli

Mkenya akiingia mgahawani Kariakoo, Dar es Salaam, na kusema "Nipe chai", wapo watakaogeuka kumtazama. Mwenyeji angesema "Naomba chai", tena baada ya salamu. Hapo ndipo inapozaliwa kauli tuliyoizoea: Wakenya wakali, Watanzania wapole, ndivyo walivyoumbwa.

Sivyo hata kidogo. Kinachosikika pale ni malezi ya lugha. Tanzania, shule za msingi hufundisha kwa Kiswahili tangu miaka ya 1960, na mtoto huambiwa "Sema naomba" kabla hajakabidhiwa andazi. Kenya, wengi wa bara hujifunza Kiswahili baada ya lugha ya nyumbani. Kilifanywa somo la lazima la mtihani mwaka 1985, ulipoanza mfumo wa elimu wa 8-4-4 (miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, minne ya chuo kikuu). Anayesema "nipe" kwa uso wa tabasamu anaona ameshatimiza adabu zote. Nenda Lamu, Kenya hiyo hiyo, uone watu wanavyosalimiana mpaka wakaulizana habari za wazee na watoto.

Utafiti wa tamaduni 49 uliochapishwa mwaka 2005 katika jarida la Science ulilinganisha sifa ambazo watu hulipa taifa lao na haiba halisi zilizopimwa. Havikuoana.

Na tofauti hazingoji mpaka wa nchi. Mtaa mmoja wa Tanga, nyumba hii mtoto hanyanyui sauti mbele ya wakubwa. Ya jirani, binti anabishana na baba yake huku wanakula. Mhudumu anayemchelewesha mteja kwa sababu ya "nipe" anamwonea.