Je, Wajua Kwa Nini Mwalimu Mmoja Hukaririsha na Mwingine Huuliza?

Chukua madarasa mawili ya Kisumu, yote yakisoma eneo la mraba. Katika la kwanza mwalimu ameandika kanuni ubaoni, "upande mara upande", na watoto wanaitikia kwa pamoja mpaka sauti zinafika barabarani. Wa pili amewatoa nje, akachora mraba mchangani na kuuliza: "Nikitaka shamba lenye eneo mara mbili ya hili, nifanyeje?" Kisha akanyamaza. Mtaala ni uleule. Tofauti inatoka wapi?

Inatoka kwenye swali la wanafalsafa: kabla mtoto hajajua kitu, ujuzi huo uko wapi?

Anayesema uko nje ya mtoto ana John Locke nyuma yake. Mwingereza huyu alieleza katika kazi yake ya 1690 kwamba akili huanza kama karatasi nyeupe, na uzoefu ndio unaoiandika. Ukilishika wazo hilo juujuu, kazi ya mwalimu inakuwa kuandika, na ya mtoto kutulia aandikwe. (Locke mwenyewe hakupenda watoto wakaririshwe, lakini karatasi yake ndiyo iliyopata umaarufu.)

Mwalimu wa mchangani amerithi kwa Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, pengine bila kujua. Katika mazungumzo yaitwayo Meno, Plato anamwonyesha mwalimu wake Socrates akimhoji kijana mtumwa ambaye hajawahi kufundishwa jiometria. Mraba una upande wa futi 2, kwa hiyo eneo lake ni 4. Je, wenye eneo la 8 utakuwa na upande gani? Kijana anajibu haraka: futi 4. Wanahesabu, wanapata 16. Basi futi 3? Wanapata 9. Hapo anakiri kwamba hajui, na Socrates anafurahi, kwa sababu sasa kijana ana hamu ya kutafuta. Maswali yanaendelea mpaka anaona jibu: jenga mraba mpya juu ya mstari unaokata ule wa kwanza kutoka kona hadi kona. Plato aliamini kwamba roho tayari inajua, na kujifunza ni kukumbuka. Si lazima ukubaliane naye kuhusu roho ili uige maswali yake.

Kuna njia ya tatu, inayowasumbua wazazi wengi tangu mtaala wa umilisi (CBC) uanze kuchukua nafasi ya mfumo wa 8-4-4 nchini Kenya mwaka 2019. Mizizi yake mingi iko kwa John Dewey, Mmarekani aliyefungua shule ya majaribio Chicago mwaka 1896. Watoto walipika, walishona na kuchonga mbao, na hesabu na sayansi zikachipuka humo kazini. Kwake ujuzi haukai ndani wala nje. Unazaliwa mtu anapokabiliana na tatizo. Mwalimu wa aina hii angewapeleka watoto soko la Kibuye na gorogoro (mkebe wa kupimia) ya omena, yaani dagaa, wapime, wakokotoe faida, wabishane.

Lakini mzazi anapokata katoni saa nne usiku huku mtoto mwenye kazi hiyo ya shule amelala, hiyo si falsafa ya Dewey. Aliandika mwaka 1938 kwamba si kila uzoefu unaelimisha. Bila mtoto kufikiria alichokifanya, umebaki na gundi na manila.

Na si lazima tuagize kila kitu kutoka ng'ambo. Zamani watoto wa Kijaluo walikusanyika usiku katika siwindhe, nyumba ya bibi mzee, wakasikiliza hadithi na vitendawili. Henry Odera Oruka (1944–1995), mzaliwa wa Siaya aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi, aliwaendea wazee wenye hekima vijijini na kuwahoji, karibu vile Socrates alivyofanya. Akagundua makundi mawili. Wapo waliojua mila na methali zote, lakini ukiwauliza sababu wanakujibu kwamba ndivyo wahenga walivyosema. Wengine walizijua vilevile, ila walikuwa tayari kuzipima, kuzikosoa, hata kuzikataa, na kukueleza kwa nini.

Turudi uwanjani Kisumu. Mtoto mmoja amepaza sauti: "Tuongeze kila upande mara mbili!" Wamepima kwa hatua, na shamba limekuwa mara nne. Mwalimu bado amenyamaza.