Kingamwili hazimfundishi bakteria kubadilika

Nimechoka na sentensi hii: "Bakteria akiona kingamwili zinamjia, hubadilisha protini za juu ili ajifiche." Juzi nimeikuta tena, safari hii kwenye slaidi za mtu anayefundisha. Bakteria haoni kitu!

Mchukue Borrelia hermsii, mmoja wa wanaoleta homa ya papasi. Kwa wakati mmoja jeni moja tu ya protini ya juu (ile iliyo kwenye uso wake wa nje) ndiyo inayofanya kazi, karibu na ncha ya plazmidi iliyonyooka, yaani kipande cha DNA kilicho kando ya kromosomu. Nakala bubu, zisizotengeneza protini, zimekaa pembeni, makumi. Mara mojamoja nakala bubu hunakiliwa juu ya ile inayofanya kazi, na protini ikawa nyingine. Ni bahati nasibu: takriban seli moja kati ya 1,000 hadi 10,000 kwa kila kizazi. Tena hutokea hata kwenye chupa ya maabara, pasipo kingamwili yoyote. Kwa hiyo mgonjwa anapoungua kwa homa, damu imejaa aina moja, na ndani yake wamo wachache waliokwisha kubadilika kabla hata kinga haijaamka. Kingamwili zinafagia wale wengi, homa inashuka, mgonjwa anasema amepona. Wachache wale wanazaana bila bughudha, na baada ya wiki hivi homa imerudi.

Ndigana baridi ya ng'ombe ina ujanja zaidi (ndiyo, nami nimeteleza nikasema ujanja). Anaplasma marginale ana jenomu ya besi (herufi za DNA) milioni 1.2 tu na jeni bubu chache za Msp2, protini yake ya juu, ila hunakili kiraka kutoka huku na kingine kutoka kule. Michanganyiko haina mwisho, na ng'ombe aliyepona hubaki na vimelea maisha yake yote.

Anayenisumbua ni Borrelia burgdorferi, wa ugonjwa wa Lyme. Jeni yake ya vlsE, inayotengeneza protini ya juu iitwayo VlsE, hutulia kwenye chupa na ndani ya kupe. Akiingia kwa panya, siku chache tu inaanza kubadilika. Hapo wapenzi wa "anaona" hushangilia. Ngojeni kwanza. Hubadilika hata kwa panya wasioweza kutengeneza kingamwili! Kitu fulani ndani ya mnyama kinaianzisha, na hakuna aliyekionyesha bado. Hata kazi ya VlsE yenyewe, ukiacha huko kubadilika, bado inabishaniwa.

Na kuna sehemu yake isiyobadilika, ambayo mwili huitengenezea kingamwili kwa wingi. Ndizo zinazotafutwa na kipimo cha C6, kimojawapo cha vipimo vya damu vya Lyme. Lakini kwa bakteria aliye hai sehemu hiyo imefunikwa ndani ya protini, kingamwili haziifikii. Kipimo kikiwa chanya, usidhani zinamuua.