Ukikausha Kilombero, Utafurisha Rufiji

Kila masika swali hili hurudi: kwa nini tusichimbe mifereji, tukakausha tindiga za bonde la Kilombero, na mafuriko yakaisha? Hayataisha. Yatahamia kwa wenzetu wa Rufiji.

Tazama maji yanakotoka. Mito ya Mnyera, Ruhudji, Mpanga na Kihansi huteremka kwa kasi kutoka nyanda za juu na milima ya Udzungwa, kisha hukuta bonde tambarare. Mto Kilombero huvuka kingo, maji yakatandaa kwenye nyasi, matete na mafunjo. Hapo kasi hupungua, tope likatuama, maji mengine yakazama ardhini na mengine yakakaushwa na jua. Yanayobaki huondoka taratibu kwa miezi, hadi yakutane na mto Luwegu na kuwa Mto Rufiji. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji hutoka Kilombero. Yakiteremka yote kwa mkupuo, wa kwanza kuumia ni mkulima wa Utete, kule Rufiji; kiangazi kikifika, Bwawa la Julius Nyerere nalo litakosa maji ambayo bonde lingeyatunza.

Tusitie chumvi, lakini. Mvua ikinyesha juu ya mvua, kama msimu wa El Niño wa 2023/24, bonde hujaa likashindwa kupokea zaidi, na Rufiji hufurika vilevile. Ardhioevu huchelewesha maji na kuyapunguza. Anayeiuza kama kinga kamili anadanganya.

Eneo hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, mwaka 2002, likiwa na kilomita za mraba 7,967, na sehemu yake sasa ni Pori la Akiba. Wengi hudhani ulinzi huo ni wa sheshe tu, yule swala wa mbuga za maji, na ndege wasiopatikana kwingine. Wanyama hao wanastahili, ila kwa mtaalamu wa maji, nyasi wanazokula ndizo breki ya mto.

Mpunga unaopandwa kwa kufuata maji ya msimu hauna ugomvi mkubwa na mto. Tatizo ni mifereji ya kukausha, matuta yanayoubana mto, na mashamba yanayolimwa hadi ukingoni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo. Kabla ya kuchimba mfereji, ulizia kibali Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji.