Nahodha wa raga aliyeuawa na mdudu

Kila inapokaribia Septemba 13, Siku ya Sepsisi Duniani (sepsisi ni hali ya mwili kujidhuru unapopambana na maambukizi), simu ya kitengo chetu hospitalini hulia kwa swali lile lile: mtu mwenye nguvu zake anakufaje kwa kidonda kidogo? Mwaka huu najibu kwa kisa cha daktari mwenzetu.

David Bedell-Sivright alizaliwa Edinburgh mwaka 1880, akasoma Cambridge, kisha akarudi kwao kusomea udaktari. Uwanjani alikuwa mchezaji wa mbele, mbabe kwelikweli. Aliichezea Scotland mara 22, na mwaka 1904 akawa nahodha wa timu ya Visiwa vya Uingereza iliyozuru Australia na New Zealand. Husimuliwa kwamba usiku mmoja alimvaa farasi wa mkokoteni barabarani akambwaga. Hilo silitolei kiapo.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka akawa daktari mpasuaji wa jeshi la majini. Septemba 1915, huko Gallipoli, Uturuki, alitoka kuhudumia majeruhi kwenye mahandaki akilalamika uchovu. Mdudu akamuuma. Akapandishwa meli ya hospitali, Dunluce Castle, na siku mbili baadaye akafa kwa sepsisi, akiwa na miaka 34. Alizikwa baharini.

Tuelewane: si sumu ya mdudu iliyomuua, wala si “damu chafu”, na si kurogwa, jambo ambalo bado naambiwa wodini na watu waliosoma. Vijidudu huingia kupitia ngozi iliyotoboka, na mwili katika kupambana navyo huanza kujidhuru wenyewe. Penisilini, antibayotiki yaani dawa ya kuua bakteria, iligunduliwa mwaka 1928. Wenzake melini hawakuwa nayo.

Sisi tunayo. Mgonjwa akiletwa anahema haraka, amechanganyikiwa au mkojo umepungua, tunapima presha, mapigo, joto na oksijeni. Kisha tunatoa damu sehemu mbili za mwili na kuijaza kwenye chupa za kuoteshea vimelea, yaani vijidudu hivyo, ili maabara ivitambue, kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki. Ndugu hulalamika, “Mnammaliza damu!” Hapana. Ni vijiko vichache tu. Kinachotukwamisha ni vidonge viwili vitatu vya antibayotiki alivyomeza nyumbani, vilivyonunuliwa bila cheti cha daktari: vimelea havioti, maabara inatuletea karatasi tupu. Muuzaji naye amevunja sheria na duka lake linaweza kufungiwa.

Kama amekwisha kumeza, njooni na pakiti yake. Hatumgombezi mtu mapokezi.